Kwa nini mashabiki wa bolingi ya wanawake wanabisha hodi kwenye televisheni

Wengi wa wasikilizaji wetu hawajawahi kuingia kwenye ukumbi wa bolingi, basi tuanzie hapo. Mchezaji hubingirisha tufe zito lenye matundu ya vidole kwenye njia laini ya urefu wa mita 18 hivi, akilenga pini 10 zilizosimamishwa mwishoni. Tufe lenyewe linaweza kufika kilo 7. Ukiangusha pini zote kwa kila mtupo, unamaliza na pointi 300, na hakuna zaidi ya hapo.

Nchini Marekani hii ni kazi ya kumlisha mtu. Wanaume walianzisha chama chao cha wachezaji wa kulipwa, PBA, mwaka 1958, na wanawake wakaanzisha chao mwaka 1960. Lakini mashindano ya wanaume yalipata makao kwenye televisheni ya ABC kuanzia 1962 hadi 1997, Jumamosi alasiri, saa ambayo watu wako nyumbani. Wanawake hawakuwahi kupata nafasi kama hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko ya mashabiki. Mcheza bolingi hana klabu inayompa mshahara kama mwanasoka. Anategemea zawadi ya ushindi, na zawadi hutoka kwa wadhamini, ambao nao wanataka jina lao lionekane. Sisi wa redio tunalijua hili vizuri: mwenye duka hanunui tangazo kwenye kipindi anachodhani hakisikilizwi. Televisheni nazo husema watazamaji wa wanawake ni wachache. Mashabiki hujibu: watatoka wapi, ikiwa mechi hazionyeshwi, au zinaonyeshwa saa ambayo watu wamelala? Kwa maoni yetu, jibu hilo lina uzito.

Mwaka 2003 ligi ya wanawake ilifungwa kwa kukosa fedha. Wachezaji waliokuwa kileleni wakatafuta kazi nyingine. Mmoja wao ni Kelly Kulick wa New Jersey, aliyekwenda kufanya kazi kwenye gereji ya baba yake huku akiendelea na mazoezi. Januari 2010, mjini Las Vegas, aliingia fainali ya Tournament of Champions, shindano kubwa la PBA, akiwa mwanamke pekee miongoni mwa wanaume. Alimshinda Chris Barnes kwa pointi 265 kwa 195, akachukua dola 40,000 na kuwa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la ziara ya PBA. Mechi hiyo ilionyeshwa na ESPN, kwa hiyo Marekani nzima ingeweza kuiona. Ligi ya wanawake wenzake, hata hivyo, ilikuwa bado imefungwa.

Ilifunguliwa tena mwaka 2015, baada ya miaka 12, kwa fedha za chama cha bolingi cha Marekani, USBC, pamoja na chama cha wenye kumbi. Fainali zake kubwa zikaanza kuonekana CBS Sports Network, chaneli ya kulipia. Mwaka 2019 wanaume walihamia FOX, ambayo Mmarekani huipata kwa antena ya kawaida bila kulipa senti. Wanawake walibaki kwenye chaneli ya kulipia, na mashabiki wakaendelea kuomba nao wapewe dirisha lililo wazi kwa kila mtu, kwa saa inayojulikana.