Uhuru: Setilaiti iliyofichua nyota zisizoonekana kutoka Pwani ya Kenya

SETILAITI ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani haikurushwa kutoka Marekani ilikotengenezwa. Ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ngomeni si mbali na Mombasa. Anayetoka Kisauni kwa barabara ya kaskazini huvuka Mtwapa, Kilifi na Malindi akafika huko siku hiyo hiyo. Hata hivyo, wapo wengi waliozaliwa na kusomea Pwani ambao hawajawahi kuelezwa ni kitu gani hasa kilichorushwa pale, wala kwa nini wanafalaki wa dunia nzima bado hulitaja jina hilo.

Mkazi wa Likoni akitazama juu katikati ya Julai, mwendo wa saa tatu usiku, huliona kundi la nyota la Nge likiwa limepanda juu kabisa, na nyota yake kubwa nyekundu iking'aa upande wa kusini wa utosi. Kule Changamwe, taa za bandari na za uwanja wa ndege huzififiza nyota ndogo. Lakini katika eneo hilo hilo la anga kimo kitu kingine, Scorpius X-1, ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona hata penye giza totoro. Kwa eksirei, hicho ndicho kitu king'avu kuliko vyote vinavyotoa miale hiyo mfululizo nje ya mfumo wa jua letu.

Sababu ya kutoonekana ni mbili. Kwanza, macho ya binadamu hupokea sehemu ndogo tu ya mwanga uliopo. Mwanga una mawimbi, na kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo nguvu yake inavyozidi. Kupita rangi ya urujuani huanza miale ya urujuanimno, ile inayombabua mtu anayeshinda ufukweni. Kuipita hiyo, hufuata eksirei, ambayo wengi huijua kwa kupigwa picha za mifupa hospitalini.

Pili, hewa yenyewe ni kizuizi. Uzito wa hewa iliyo juu yetu ni sawa na wa maji yenye kina cha mita 10. Eksirei kutoka kwenye nyota haiwezi kupenya unene huo, na tabaka la ozoni huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno. Ni bahati yetu, maana bila kizuizi hicho maisha ya nchi kavu yangekuwa mashakani. Kwa mwanafalaki, hata hivyo, ni sawa na kutazama bahari kupitia dirisha lililopakwa rangi. Hana budi kupeleka darubini yake juu ya hewa.

Jambo hilo lilianza kwa roketi ndogo. Mnamo Juni 18, 1962, kundi la wanasayansi likiongozwa na Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyefanya kazi Marekani, lilirusha chombo kutoka jimbo la New Mexico likitafuta eksirei kutoka mwezini. Kwa dakika chache tu kabla ya kuanguka, chombo kiligundua Scorpius X-1. Ilidhihirika kwamba dakika hazikutosha, palihitajika setilaiti.

Na kwa nini Kenya? Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, walikuwa wameshajenga majukwaa yao Ungwana, na Aprili 26, 1967 walirusha kutoka hapo setilaiti yao, San Marco 2. Mahali hapo ni takriban nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta. Dunia inapojizungusha, ardhi ya Ikweta husafiri kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa kuelekea mashariki, na roketi hupata msukumo huo bila gharama. Roketi iliyotumika, Scout, ilikuwa ndogo; kila kilo ilihesabiwa.

Ipo sababu nyingine ambayo kwa wanafalaki ilikuwa na uzito zaidi. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme, ambazo zikigonga mitambo ya kunasa eksirei huizalishia kelele za uongo. Juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini, mkanda mmoja hushuka chini sana. Setilaiti inayozunguka kandokando ya Ikweta huepuka sehemu kubwa ya vurugu hizo. Kutoka Florida, roketi ndogo kama Scout isingeweza kuifikisha kwenye njia hiyo.

Aliyesimamia mradi huo katika shirika la NASA alikuwa mhandisi wa kike, Marjorie Townsend, na ndiye aliyelichagua jina Uhuru.

Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, wala hakikuwa na kioo. Eksirei ikikipiga kioo cha kawaida uso kwa uso hairudi nyuma, humezwa. Huakisiwa tu ikikipiga kwa mlazo, kama kijiwe bapa ambacho watoto hukirusha kwa ubapa kikaruka-ruka juu ya maji. Darubini za aina hiyo zilikuja baadaye, ikiwemo Chandra iliyorushwa mwaka 1999. Uhuru ilikuwa na masanduku ya gesi yaliyohesabu kila chembe ya eksirei iliyoingia, huku setilaiti ikijizungusha polepole na kulifagia anga ukanda kwa ukanda.

Matokeo yalishangaza. Katika kundi la nyota la Kantarusi, chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilionekana kikipiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8, na kila siku mbili hivi kikipotea nyuma ya nyota kubwa. Nyota ya kawaida ikijizungusha kwa kasi hiyo ingesambaratika. Ilibidi kiwe nyota ya nyutroni: mabaki ya nyota iliyolipuka, yenye uzito unaolizidi jua letu lakini kipenyo cha kilomita 20 tu, umbali unaokaribia ule wa Likoni hadi Mtwapa. Nyota hiyo huinyonya jirani yake. Gesi inayovutwa huanguka kwa kasi kubwa mno, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi, na kitu chenye joto hilo hung'aa kwa eksirei.

Chanzo kingine, Cygnus X-1, hakikuwa na mapigo ya kupangika. Mwanga wake ulibadilika ovyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ishara kwamba kitu chenyewe ni kidogo sana. Mwaka 1971 wanafalaki wa Uingereza, Louise Webster na Paul Murdin, na Tom Bolton huko Toronto, waliipima nyota ya buluu inayokizunguka kila baada ya siku 5.6 wakaona mwenzake ni mzito kupita kiasi. Likawa shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi. Vipimo vya mwaka 2021 vililipa uzito wa majua 21.

Nyota hiyo ya buluu ina joto la nyuzi 30,000 hivi, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni urujuanimno. Hapo ndipo darubini za aina ya pili zinapofaa. Mlipuko wa nyota wa Februari 1987, ulioonekana kwa macho upande wa kusini hata kutoka pwani yetu, ulichunguzwa na setilaiti ya urujuanimno iitwayo IUE, na ndiyo iliyothibitisha ni nyota gani iliyotoweka.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kutoka Ungwana zilirushwa kwa jumla setilaiti tisa, zikiwemo Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975, zote za eksirei. Ya mwisho ilikuwa mwaka 1988.

Kituo cha nchi kavu, hata hivyo, hakikufa. Antena za Malindi zilipokea habari za BeppoSAX kuanzia 1996, na za Swift iliyorushwa mwaka 2004 ikibeba darubini ya eksirei pamoja na ya urujuanimno. Januari 2008 Swift iliinasa eksirei ya nyota wakati ule ule ilipokuwa ikilipuka.

Swali la Kenya inanufaika vipi limeulizwa kwa miaka mingi, na si swali la bure. Mkataba mpya na Italia uliotiwa saini mwaka 2016 ulizungumzia mafunzo na Kenya kupata takwimu za setilaiti. Utekelezaji ndio wa kupimwa: ni vijana wangapi wa Kisauni au Changamwe watakaoingia kituoni wakiwa wahandisi, na si walinzi na madereva pekee.

Kwa sasa, urithi ulio wazi zaidi umo katika orodha za wanafalaki. Orodha ya nne na ya mwisho ya setilaiti ile, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja hutanguliwa na alama 4U. Herufi hiyo ni ya Uhuru. Mojawapo ni 4U 1820-30, nyota mbili zinazozungukana kwa dakika 11 na ushei, muda ambao abiria wengi wa Likoni huwa bado wanangojea feri.