Mzee akisema "ndia", tuandike "ndia"

Mtu wa Mvita akimwambia mwandishi wa habari "ndia", mara nyingi gazetini hutoka "njia". "Ndaa" huwa "njaa", "mato" yakawa "macho". Chanzo ni cha zamani: mkutano wa 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikawekwa kando nyumbani kwake!

Kwa habari yenyewe sina ugomvi. Sanifu inamfaa msomaji wa Lamu na wa Kisumu. Lakini alama za kunukuu humwambia msomaji kwamba haya ndiyo yaliyotoka kinywani mwa mtu. Tukiyarekebisha humo, tumemsemesha mzee wetu asiyoyasema.

Kazi ipo kwenye "kuteka". Kwa Kimvita ni kucheka. Kwa sanifu ni kuchota maji, au kumchukua mtu kwa nguvu. Ukinukuu "mtoto aliteka" ukanyamaza, umezua balaa. Naona neno libaki, na mwandishi aeleze maana kwa sentensi yake, nje ya nukuu. Vijana wetu ninaowasikia wakisema "njia" hata nyumbani watayahitaji maelezo hayo pia.