Baridi haiui miti ya Kasuku

Kiangazi kikianza mwezi wa Juni, wasomaji wa Kasuku, hapa mjini Kindu, hutuletea swali lilelile: mparachichi unapukutisha majani, migomba inakauka kingo, asubuhi watu wanajifunika makoti, je, miti nayo imepigwa na baridi? Na kabla hatujajibu, tayari kuna mtu amewauzia chupa ya "dawa ya baridi". Fedha hiyo imepotea bure.

Baridi huua mti kwa njia mbili. Ya kwanza ni barafu. Maji yaliyo kati ya seli yana chumvi na sukari chache kuliko ya ndani, kwa hiyo ndiyo huganda kwanza. Wengi hudhani barafu hupasua seli. Mara nyingi sivyo: barafu hiyo ya nje huyavuta maji ya ndani, seli ikanywea hadi utando wake ukaharibika. Mti hufa kwa kukaushwa, ndiyo maana majani huonekana kama yamebabuliwa na moto. Chai ya Kericho, Kenya, iliunguzwa na jalidi namna hiyo Januari 2012, ingawa ikweta haiko mbali. Milimani, usiku mkavu usio na mawingu wala upepo, joto la ardhi hutorokea angani na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutelemkia mabondeni.

Njia ya pili haihitaji barafu. Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na mafuta ya mimea ya nchi za joto hukakamaa mapema. Ndizi ikikaa chini ya nyuzi 13 hivi, utando huvuja, kemikali zilizokuwa zimetengwa hukutana, ganda likawa jeusi. Ndiyo sababu meli husafirisha ndizi kwa nyuzi 13 au 14. Miti ya Ulaya hubadili mafuta hayo na kulimbikiza sukari siku zinapofupika. Mgomba hauna uwezo huo.

Sasa tuje Kindu. Mji uko karibu mita 500 juu ya bahari, nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na hewa yake ina unyevu wa msitu na wa mto Lualaba. Usiku wa Julai kwa kawaida ni karibu nyuzi 20. Baridi ya kuua mti haifiki hapa.

Na chokaa kwenye mashina? Katika nchi za baridi, hurudisha mwanga ili gome lisipashwe joto na jua la mchana kisha likapasuka linapopoa ghafla jioni. Haipashi mti joto. Moshi nao hauzuii joto kutoroka. Ukiwasha moto chini ya mwembe, unachopata ni mizizi iliyoungua.

Kinachoitesa miti yetu Julai ni kiu. Mvua imepungua, udongo umekauka, mti unaangusha majani ili upoteze maji machache. Huko ni kujihami.

Basi fanyeni hivi: tandazeni nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa, mwagilieni jioni, maji mengi mara chache, funikeni miche kwa makuti ya michikichi, safisheni kinga ya moto kuzunguka shamba. Na anayekuja na chupa, mwulizeni ndani kuna nini na inafanyaje kazi. Akishindwa kujibu, msimpe hata franka moja.