VYOMBO VINAVYOSEMEZANA

Zamani chombo cha nyumbani kilikuwa bubu. Taa ikiwaka au ikizimika, mwenyewe aliye safarini hana habari nayo. Leo mambo yamegeuka: mtu yuko Mombasa na taa yake iko Lamu, naye huizima kwa simu aliyonayo mkononi. Jambo hili huitwa Intaneti ya Vitu, jina alilolitumia Kevin Ashton, Mwingereza, mwaka 1999. Wengi wetu tumekwisha kuingia ndani yake pasi na kujua, basi yatupasa tujue namna liendavyo.

Asili yake si ya kutisha. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwapo wataalamu wa kompyuta walioshirikiana dele moja la kahawa. Waliokaa vyumba vya mbali walipanda na kushuka ngazi, wakafika na kulikuta tupu. Mwaka 1991 waliweka kamera mbele ya dele, ipeleke picha kwenye kompyuta zao, ili mtu ajue kama kahawa ipo kabla hajainuka. Mwaka 1993 picha ile ikatiwa katika intaneti, na watu wa mbali wakawa wakilitazama dele wasiloweza kunywa kahawa yake, mpaka kamera ilipozimwa mwaka 2001.

Kazi ya vyombo hivi ina hatua nne. Kwanza, ndani ya chombo mna kitu kidogo cha kuhisi joto, mwanga, mwendo au kiasi cha maji. Pili, mna njia ya kupeleka habari, ama kwa laini kama ile ya simu zetu, ama kwa waifai. Tatu, iko kompyuta ya mbali, aghlabu ng'ambo, ipokeayo habari hizo na kuzipima. Nne, amri hurudi, na chombo kikatenda.

Mfano uko karibu nasi. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya mitambo ya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Ndani ya mtambo mna laini ya simu. Mnunuzi akilipa kwa M-Pesa, habari hufika kwenye kompyuta za kampuni, na mtambo ukaruhusiwa kuwasha taa. Siku alizolipia zikisha, hujifunga mpaka alipe tena. Hapana mdai agongaye mlango. Kwa njia hii zimepata mwangaza nyumba zisizoweza kutoa fedha zote kwa mara moja. Lakini tazama maana yake: chombo kimo chumbani mwako, na ufunguo wake uko kwa mwingine.

Hapa ndipo pa kuzingatia, kwani chombo kisikiacho amri zako chaweza kusikia na za mwizi. Mwaka 2016 programu ovu iitwayo Mirai iliziingia kamera na vifaa vya intaneti vya majumbani kwa maneno ya siri ya kiwandani, ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vyombo kwa maelfu viliamrishwa viishambulie kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Wenye vyombo hawakuwa na habari.

Na awezaye kuiamrisha kamera aweza pia kutazama kwayo. Sisi ni watu wa hodi. Mgeni haingii ukumbini illa kwa idhini. Vipi basi tumwachie tusiyemjua jicho ndani ya nyumba?

Kwa hivyo, ukinunua chombo cha namna hii, badilisha neno lake la siri siku ile ile. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vyombo vyenye maneno ya siri mepesi kubahatisha. Kamera usiiweke chumba cha kulala. Tena muulize muuzaji habari za nyumba yako zinakwenda kwa nani, na chombo kitafanyaje intaneti ikikatika.

Mlango wa mbao tunaufunga kila usiku. Na huu usioonekana, tuufunge vile vile.