Bima ya Dawa kwa Mwenye Ulemavu Nchini Marekani: Anza na Dawa Zako, Si na Bei ya Bima

Mtu anayepatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka hamsini hupoteza mambo mawili kwa mpigo: nguvu za mwili na mshahara. Kwa wasemaji wa Kiswahili walioajiriwa Marekani, hasara ya tatu huweza kufuata, nayo ni kukosa dawa kwa sababu bima waliyoichagua haikulingana na maradhi yao. Makala hii imekusudiwa kwa wagonjwa hao, jamaa zao wanaowashauri kutoka huku nyumbani, na wahudumu wa afya wanaoulizwa maswali hayo.

Mfanyakazi aliyechangia Hifadhi ya Jamii ya Marekani kwa muda wa kutosha, kisha akapata ulemavu, hulipwa mafao yaitwayo SSDI. Kwa kawaida mafao hayo huanza baada ya kungoja miezi 5 kamili. Bima ya afya ya Medicare hufuata baada ya miezi 24 ya kustahiki mafao. Wenye ugonjwa wa neva wa ALS hawangoji vipindi hivyo, na wenye figo zilizoshindwa kabisa wana utaratibu wao.

Sehemu ya Medicare inayogharimia dawa za kutumia nyumbani huitwa Part D. Ilianza mwaka 2006, na huendeshwa na kampuni binafsi zilizoidhinishwa. Mgonjwa hupewa dirisha la miezi 7 la kujiunga: miezi 3 kabla ya mwezi wa kuanza Medicare, mwezi wenyewe, na miezi 3 baadaye. Dirisha hilo likishapita, anayekaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima nyingine ya dawa yenye ubora unaolingana huongezewa mchango kwa asilimia 1 ya kiwango cha taifa kwa kila mwezi aliokosa. Adhabu hiyo hufutwa anapotimiza miaka 65.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchagua mpango wenye mchango mdogo kuliko yote. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgonjwa wa kiharusi anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda inayouzwa dola 500 kwa mwezi. Mpango wa kwanza hauna mchango wa kila mwezi, lakini dawa hiyo haimo katika orodha yake. Kwa mwaka atalipa dola 6,000. Mpango wa pili una mchango wa dola 45 kwa mwezi, yaani dola 540 kwa mwaka, na dawa imo. Sheria ya mwaka 2022 iliweka kikomo cha fedha ambazo mgonjwa hutoa mfukoni: dola 2,000 kwa mwaka 2025 na dola 2,100 kwa mwaka 2026. Hata akifikia kikomo cha 2026, jumla yake haitazidi dola 2,640. Zingatia kwamba kikomo hicho huhesabu dawa zilizomo katika orodha ya mpango peke yake. Dawa isiyomo hailindwi nacho.

Kwa hiyo, andika kwanza jina la kila dawa, nguvu yake kwa miligramu na idadi ya vidonge kwa siku. Kisha tumia tovuti ya Medicare, au mshauri wa SHIP ambaye hatozi malipo, kupima kila mpango kwa maswali haya:

1. Je, dawa zangu zote zimo, na ziko katika daraja gani la bei?
2. Je, kuna masharti, kama vile kibali cha awali au kulazimika kujaribu kwanza dawa nyingine?
3. Je, duka la dawa lililo karibu nami lina mkataba na mpango huo?
4. Mchango na malipo ya dawa kwa mwaka mzima ni jumla ya kiasi gani?

Mwenye kipato kidogo aombe msaada uitwao Extra Help. Mwenye Medicare anayepata pia Medicaid au SSI huupata bila kuomba. Kwa wenye kisukari, insulini iliyomo katika orodha haizidi dola 35 kwa mwezi.

Wahudumu wa afya nao wana wajibu. Dawa ikikataliwa, daktari aliyeiandika anaweza kuomba mpango umruhusu mgonjwa kuipata, akieleza sababu za kitabibu. Baada ya maelezo hayo kupokewa, jibu hutolewa ndani ya saa 72, au saa 24 iwapo kuchelewa kutahatarisha afya. Mwanachama mpya pia ana haki, katika siku 90 za mwanzo, ya kupewa dawa aliyokuwa akiitumia ya angalau mwezi mmoja wakati suala lake likishughulikiwa. Mgonjwa asiyejua haki hizi hurudi nyumbani mikono mitupu, na kuacha ghafla dawa ya kuzuia damu kuganda kwaweza kuleta kiharusi cha pili.

Orodha za dawa hubadilika kila mwaka. Kati ya tarehe 15 Oktoba na 7 Desemba, rudia hesabu hii upya, hata kama uliridhika na mpango wa mwaka uliopita. Mabadiliko utakayofanya yataanza tarehe 1 Januari.