Kabla Mtoto Hajachagua Densi, Michezo au Kompyuta

"Mwalimu, kwani densi nayo ina mtihani?" Mama mmoja aliniuliza hivyo hapa Voi, kwenye steji ya matatu za Wundanyi, binti yake amesimama kando akitazama chini. Msichana alikuwa ameamua atachukua Muziki na Densi akifika Gredi ya 10. Mama alitaka kompyuta, na hakutaka kusikia lingine. Swali lake nimelisikia tena mara nyingi kwa sura tofauti, na linastahili jibu refu kuliko lile nililompa siku ile makanga akituharakisha.

Ndiyo, mama, densi ina mtihani. Ni somo kamili la Sekondari Pevu, sawa na Kemia au Historia. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025, wakaingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mbele yao kulikuwa na mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati (ule tunaouita STEM); sayansi za jamii; na sanaa na sayansi ya michezo. Kila mwanafunzi hubeba masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Matatu anayachagua mwenyewe, angalau mawili yakitoka kwenye mkondo wake. La tatu linaweza kutoka kwingine, mradi mchanganyiko huo umo kwenye orodha ya wizara na shule inaufundisha.

Wazazi wengi huchanganyikiwa hapa, na siwalaumu. Mazoezi yanajitokeza mara mbili kwenye mtaala, na kompyuta vilevile. Kuna kipindi cha mazoezi ya viungo cha kila mwanafunzi, awe mkondo wowote, ambacho hakina mtihani wa kitaifa. Halafu kuna somo la kuchagua linaloitwa Michezo na Burudani, ambalo lina mtihani na linaingia ndani ya mwili wenyewe: misuli, lishe, huduma ya kwanza, usimamizi wa mashindano. Kadhalika, stadi za kutumia kompyuta ni za wote, ilhali Masomo ya Kompyuta ni somo la kuchagua ndani ya STEM. Kwa hiyo yule binti wa stejini, hata akichagua densi, hajaikimbia kompyuta. Naye kijana wa Fizikia na Kemia hajaruhusiwa kukaa kitini miaka mitatu bila kutoka jasho.

Nalisema hili la jasho kwa uchungu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, kipindi cha mazoezi ya viungo, yaani PE, kilikuwa kwenye ratiba ya kila shule, lakini kila aliyesoma enzi hizo anajua kilivyokuwa kikiliwa. Mtihani ukikaribia, mwalimu wa Hisabati alikichukua, au mwanafunzi aliambiwa akae darasani adurusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kijana ajishughulishe kimwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa nguvu ya wastani au zaidi. Utafiti wa shirika hilo uliotolewa 2019 ulionyesha kuwa vijana 81 kati ya kila 100 duniani, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, hawafikishi kiwango hicho. Mtoto wa kijijini anayeteka maji na kupanda mlima kwenda shule huenda anakifikisha bila kujua. Wa mjini Voi anayebebwa na boda hadi getini ndiye anayenitia wasiwasi.

Mazoezi yakifundishwa kama elimu, yanaonekana hivi. Mwanafunzi wa miaka 16 anaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, anatafuta mpigo. Anahesabu kwa sekunde 15, anazidisha kwa 4. Tuseme amepata 72. Anakimbia kuzunguka uwanja, anasimama, anahesabu tena: 160. Anangoja dakika moja, anahesabu mara ya tatu: 124. Sasa ana tarakimu tatu zinazozungumza. Kuna kanuni ya makadirio inayotumika sana: toa umri wako kutoka 220, upate kikomo cha mapigo ya moyo kwa dakika. Kwake ni 204, kwa hiyo ile 160 ni karibu asilimia 78 ya kikomo, na hayo tayari ni mazoezi makali. Kushuka kutoka 160 hadi 124 ndani ya dakika moja kunamwonyesha jinsi moyo wake unavyotulia baada ya kazi, na akifanya mazoezi kwa wiki kadhaa ataona mapigo yanashuka haraka zaidi.

Darasa zima likiandika tarakimu hizo kila wiki, mwisho wa muhula kuna data ya kutosha kuingizwa kwenye jedwali la kompyuta na kuchorwa grafu. Kaunti hii ya Taita Taveta nayo ni maabara. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na joto lake mnalijua. Kilele cha Vuria katika Milima ya Taita kiko mita 2,208. Shule ya Voi na shule ya milimani zikifanya zoezi lilelile, saa ileile, kisha zikatumiana majedwali, wanafunzi watajadili joto, mwinuko na maji mwilini wakitumia takwimu zao wenyewe. Kinachohitajika ni saa yenye mshale wa sekunde, daftari, na kompyuta moja inayofanya kazi.

Nirudi kwenye densi, maana huko ndiko dharau ilikojaa. Sisi Waswahili tuna neno moja, ngoma, linalobeba chombo kinachopigwa, uchezaji, na shughuli yenyewe ambayo watu wanaiendea. Lugha ilikwisha kuona kuwa vitu hivyo havitenganishwi, na ndivyo somo la Muziki na Densi linavyovishika: mapigo, sauti, mwili na hadhira kwa pamoja. Wadawida wa Milima ya Taita wana Mwazindika, ngoma iliyofungamana na uganga, mambo ya roho na shughuli za jamii. Kenya iliipeleka UNESCO ikiomba iwekwe kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingia kwenye orodha hiyo 2014. Orodha ni heshima, lakini haifundishi mtoto kupiga ngoma. Anayefundisha ni mzee aliye hai, na mwanafunzi aliyekaa karibu naye akiitazama mikono yake.

Mwanafunzi anayejifunza ngoma ya namna hiyo anafanya kazi ngumu ya akili. Mkono mmoja unashika mapigo matatu, mwingine mawili, ndani ya muda uleule, na miguu inafuata mapigo mengine. Jaribu mezani sasa hivi: gonga tatu kwa mkono wa kulia na mbili kwa wa kushoto, uanze na umalize pamoja. Utaona ni hesabu ya sehemu, isipokuwa inafanywa na viungo. Ila nawaomba walimu wenzangu jambo moja. Mwazindika si burudani tupu ya kukaribisha wageni siku ya michezo. Kwa kuwa inahusu uponyaji, wazee waulizwe kwanza ni sehemu gani inafaa kuonyeshwa jukwaani na ipi ibaki mahali pake. Ninaona mazungumzo hayo yakifanya kazi nzuri kabisa chini ya Huduma kwa Jamii.

Jukwaa lenyewe si geni. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na lile la maigizo 1959. Kwa miaka hiyo yote mtoto aliyeshinda alirudi nyumbani na cheti na makofi, lakini densi yake haikuingia kwenye matokeo ya mwisho wa shule. Sasa inaweza kuingia.

"Itamlisha?" ndilo swali la pili la kila mzazi. Sitamwahidi mtu kazi, kwa densi wala kwa Fizikia. Naweza kueleza milango. Michezo na Burudani peke yake haimfikishi mtoto kwenye udaktari au tiba ya viungo. Mwenye ndoto hiyo anahitaji sayansi, na aulize mapema masharti ya chuo. Anayetaka kurekodi muziki, kuhariri filamu au kutengeneza programu za simu za mazoezi atafaidika akioanisha masomo mawili ya sanaa na kompyuta, pale mchanganyiko huo unapopatikana. Na mtoto aliyepelekwa STEM kwa sababu tu jirani amepeleka wake atateseka miaka mitatu kwa masomo asiyoyapenda.

Kikwazo kikubwa hakiko kwa mtoto. Shule zote hufundisha mkondo wa STEM, nyingi zinaongeza mmoja mwingine, mara nyingi sayansi za jamii, na ni baadhi tu zenye mikondo yote mitatu. Mtoto wa kutwa kutoka vijiji vya Kasigau au pembezoni mwa Taveta anaweza kuwa na kipaji kikubwa cha kucheza, na shule iliyo karibu naye isiwe na mkondo huo kabisa. Hata shule iliyouandika kwenye orodha yake inaweza kukosa mwalimu aliyesomea somo lenyewe. Kaunti yetu ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta na taasisi ya kiufundi mjini Voi. Kwa maoni yangu, shule jirani zingepangiwa siku za kutumia vifaa na wataalamu wa huko, badala ya kila moja kusubiri maabara yake.

Hadi hilo litokee, mzazi, usiishie kusoma jina la somo kwenye orodha. Mtoto huorodhesha shule 12. Zile mnazoweza kuzifikia, nendeni pamoja kabla ya kuchagua. Uliza mwalimu wa Muziki na Densi ni nani na alisomea nini. Omba kuonyeshwa ngoma, uwanja, na chumba cha kompyuta kikiwa kimefunguliwa na mashine zikiwaka. Uliza mchanganyiko anaoutaka mtoto unafundishwa pale mwaka huu, au unangoja mwalimu aajiriwe. Kisha mwache mtoto naye aulize lake.