Fidia ya Ardhi Huamuliwa Siku ya Uthamini

Alama ya X inayopakwa ukutani na watu wa barabara huja kwa rangi mbili. Nyekundu inamaanisha nyumba imeingia kwenye hifadhi ya barabara, hivyo bomoa uondoke, hakuna malipo. Kijani inamaanisha hifadhi ndiyo iliyokufuata ulipo, kwa sababu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Huyu wa kijani atalipwa. Basi hushusha pumzi na kuanza kusubiri hundi, wakati sehemu kubwa ya hundi hiyo inaandikwa siku mthamini anapofika na futi yake, saa ambayo mwenye nyumba huenda yuko sokoni na fomu inasainiwa na shemeji.

Kwa miaka mingi Tanzania udongo wenyewe haukuwa na bei. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilifidia maendelezo, yaani nyumba, kisima na minazi. Mwenye ardhi tupu alitoka mikono mitupu, kwa hoja kwamba ardhi yote ni ya umma. Hoja hiyo ilitikiswa mwaka 1994, pale Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipoamua katika shauri la Lohay Akonaay kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu anaweza kustahili fidia ya haki hata kama hajajenga kitu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikafuata mkondo huo: fidia iwe kamilifu, ya haki na ilipwe mapema.

Kanuni za mwaka 2001 ndizo zinazogeuza maneno hayo kuwa shilingi. Tuseme nyumba na kiwanja vimethaminiwa kwa bei ya soko kuwa milioni 40. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hulipa kwa amana za miezi 12. Riba ikiwa asilimia 8, posho ni milioni 3.2. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba ya aina hiyo kwa miezi 36. Kwa kodi ya 150,000 kwa mwezi, ni milioni 5.4. Ongeza usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilometa 20. Mwenye biashara hulipwa pia faida halisi ya miezi 36, ila ataombwa hesabu zake, na pale inapolazimu ziwe zimekaguliwa. Hapo ndipo mama lishe mwenye wateja tele lakini asiye na daftari huambulia patupu. Kiwanja kisichokaliwa na mtu hakipati usafiri, makazi wala faida.

Malalamiko ninayoyaona yana uzito kuliko yote yanahusu uchakavu. Kwa kawaida nyumba hukadiriwa kwa gharama ya kuijenga upya, kisha umri wake unakatwa. Katika vitabu vya uthamini hilo halina kosa. Lakini bibi mwenye nyumba ya udongo ya mwaka 1975 hawezi kwenda dukani kununua bati lililochakaa kwa bei iliyochakaa. Miradi inayogharamiwa na Benki ya Dunia hutakiwa kulipa gharama kamili ya kujenga upya bila kukata uchakavu, kwa hiyo vijiji viwili jirani vinaweza kulipwa kwa vipimo tofauti kutegemea nani katoa mkopo. Sioni sababu ya bajeti yetu wenyewe kuwa na mkono mzito zaidi.

Kisha kuna muda. Ukishathaminiwa, chochote utakachoongeza hakihesabiwi, na watu huacha hata kuziba paa linalovuja. Wakazi wa Kipawa na Kipunguni, Dar es Salaam, walithaminiwa mwaka 1997 kwa ajili ya upanuzi wa uwanja wa ndege, na malipo yakachukua zaidi ya miaka 10. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ililenga maradhi hayo: miezi 6 ikipita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, deni linaanza kuzaa riba, miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini umekufa na kazi inarudiwa. Kwa hiyo tarehe ya idhini ni ya kuulizwa na kuandikwa. Wengi huijua tarehe ya kupigwa picha na kibao cha namba tu.

Kabla ya kusaini, hesabu mwenyewe: vyumba, choo cha nje, ukuta, msingi wa pagale, kila mche na umri wake, maana mwembe unaozaa haulipwi sawa na mchanga. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, yatajwe mapema. Omba nakala. Usiporidhika, andika pingamizi, wala usidanganywe kwamba kukataa kiasi ni kukataa mradi. Mgogoro usiposuluhishwa ndani ya wiki 6 tangu tangazo la utwaaji, sheria ya 1967 inafungua mlango wa Mahakama Kuu. Wakili wa kule kwa mtu mmoja anaweza kumeza tofauti yote inayodaiwa, ndiyo maana mtaa mzima hufungua shauri moja.